Je, wajua jinsi meli ya mita 294 ilivyotoweka bila kuomba msaada?

Tarehe 9 Septemba 1980, meli ya Kiingereza MV Derbyshire ilituma taarifa kwa redio kutoka kusini mwa Japani. Ilikuwa ndani ya dhoruba kali, imesitisha mwendo na kuelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye mawimbi, na ilitumaini kufika bandari ya Kawasaki tarehe 14. Baada ya hapo haikusikika tena.

Hakuna wito wa msaada uliopokelewa. Watafutaji waliona mafuta yakipanda juu ya maji, na wiki kadhaa baadaye meli moja ya Kijapani ikaiona mashua ya kuokolea ya Derbyshire ikielea, tupu. Watu 44 walikuwa wamepotea: mabaharia 42 na wake wawili waliofuatana na waume zao. Baadhi yao walikuwa watu wa Liverpool na viunga vyake.

Usidhani lilikuwa dau. Ilikuwa na urefu wa mita 294, karibu viwanja vitatu vya mpira vikifuatana, na ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Ilitoka Sept-Îles, Kanada, na tani zipatazo 157,000 za madini ya chuma. Mpaka leo hakuna meli ya Uingereza kubwa kuliko hiyo iliyowahi kupotelea baharini. Sasa chombo kama hicho humezwaje bila mtu kuwahi kusema neno kwenye redio?

Jibu la kwanza lilikuwa jepesi: kimbunga. Kweli kimbunga kilikuwapo, kiliitwa Orchid. Lakini meli za ukubwa huo huundwa zikijulikana kwamba zitakutana na tufani, na familia za mabaharia hazikukubali kuambiwa kwamba bahari ndiyo bahari, basi. Serikali ya Uingereza mwanzoni ilikataa kufungua uchunguzi rasmi. Ikabadili msimamo baada ya meli pacha, Kowloon Bridge, kupanda mwamba karibu na Ireland mwezi Novemba 1986 na kukatika. Hata hivyo uchunguzi ulipomalizika mwaka 1989 ulirudi palepale: yaelekea ilishindwa na nguvu za asili.

Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba Derbyshire ilikatika vipande viwili kwa nyuma, mbele kidogo ya jengo wanamoishi mabaharia, kwa sababu meli pacha zilikuwa zimeonekana na nyufa mahali hapo. Mimi naona ilikuwa dhana ya maana kabisa kwa wakati ule. Ila haikuweza kuthibitishwa wala kukanushwa bila kuiona meli yenyewe, na meli ilikuwa chini kwenye kina cha zaidi ya kilomita nne.

Waliotoa fedha za kuitafuta hawakuwa serikali. Walikuwa mabaharia wenzao, kupitia Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, na mwaka 1994 mabaki yakapatikana. Misafara ya mwaka 1997 na 1998 ikarudi na vyombo vinavyoendeshwa kutoka juu na kupiga picha zaidi ya 130,000 za kile kilicholala gizani.

Picha hizo ndizo zilizozungumza. Kwanza, omo na tezi, yaani sehemu ya nyuma, zilikutwa mita mia chache tu kutoka kila moja. Meli ikikatikia juu ya maji katikati ya kimbunga, pande mbili husukumwa huku na huku na kuzama mbalimbali. Hizi zilishuka pamoja. Pili, na hili kwangu ndilo kubwa zaidi, sehemu kubwa ya meli ilikuwa imevunjikavunjika. Chumba chenye hewa kikishuka kilindini hubanwa na maji mpaka kikapondeka. Lakini omo ilikuwa karibu nzima. Maana yake haikuwa na hewa ya kubanwa. Ilikuwa imejaa maji kabla meli haijazama.

Maji yaliingiaje? Juu ya sitaha ya mbele kuna mabomba ya hewa na matundu ya kupitishia hewa yanayoshuka kwenye vyumba vya chini, ikiwemo stoo ya serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, anamoweka kamba na vifaa vyake. Ni vitu vidogo. Ukisimama kando ya meli kubwa namna ile hata huvitazami. Meli imeelekeza omo kwenye upepo, kila wimbi likapanda na kuangukia palepale. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja, na hapo yalimwagika mamia ya tani kwa mpigo, saa baada ya saa. Mabomba na matundu yakang'oka. Kila wimbi lililofuata likaacha maji kidogo ndani.

Omo ikaanza kuinama polepole, na kadiri ilivyoinama mawimbi yakazidi kuipanda. Mwishowe mzigo wa maji ukaangukia kifuniko cha ghala la kwanza la shehena, na kifuniko kikabonyea na kupasuka. Vifuniko hivyo viliundwa kwa kufuata kanuni za mwaka 1966, na kanuni zenyewe zilikuwa zimekadiria nguvu ya mawimbi kuwa ndogo mno. Na kumbuka madini ya chuma ni mazito sana: meli hufikia uzito wake ghala likiwa bado na nafasi kubwa tupu juu ya shehena. Nafasi hiyo ikajaa maji. Omo ikazidi kudidimia, kifuniko cha pili kikaenda, kisha cha tatu. Kuanzia hapo ilikuwa suala la dakika.

Ndiyo maana redio ilinyamaza. Chumba cha usukani kiko tezi, mbali kabisa na omo, na kwenye mvua na povu la kimbunga hakuna jicho linaloweza kuona tundu lililovunjika mbele kule. Hakukuwa na chombo chochote cha kuwaambia kwamba vyumba vya mbele vinajaa. Meli ndefu hivyo ikiinama kidogo, aliye nyuma hahisi tofauti na kuyumba kwa kawaida kwa tufani. Tangu Julai 2004 meli za shehena kichele, yaani zinazobeba mzigo usiofungashwa kama madini au nafaka, zinatakiwa kuwa na vitambuzi vya maji kwenye maghala na vyumba vya mbele, vyenye kengele inayolia kwenye chumba cha usukani.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo lililowaumiza sana wafiwa. Mfuniko wa stoo ya serahangi haukuonekana mahali pake, na wataalamu waliochambua picha walisema mwaka 1998 kwamba mabaharia hawakuufunga sawasawa. Yaani, baada ya miaka 18 ya kungoja jibu, watu waliokufa wakabebeshwa lawama. Familia hazikukubali, uchunguzi rasmi ukafunguliwa upya, na mwaka 2000 Jaji Anthony Colman akatoa uamuzi wake: yaliyoanza ni mabomba na matundu ya hewa yaliyovunjwa na mawimbi. Mabaharia hawakuwa wameacha mfuniko wazi.