Kumficha mtoto habari za vita si kumlinda

Wengi huamini kwamba mtoto aliyezaliwa wakati wa vita au baada yake, asipoambiwa lolote, halimgusi lolote. Si kweli. Mtoto huona mazungumzo yakikatika ghafla akiingia, picha ya familia iliyokatwa upande mmoja kwa mkasi, bibi anayefoka kwa swali dogo. Asipopewa maelezo hujitungia yake, na mara nyingi hujiona yeye ndiye mwenye kosa.

Tazama Norway. Ujerumani ilipoikalia nchi hiyo, 1940 hadi 1945, wanajeshi wake walizaa na wanawake wa huko watoto wanaokadiriwa kuwa 10,000 hadi 12,000. Wengi wao walifichwa baba zao ni nani. Lakini majirani walijua, na wapo walioupata ukweli kwa njia ya matusi. Huko ni kuumizwa mara mbili! Akina mama siwalaumu hata kidogo: wapo waliofungwa kambini baada ya vita, na serikali ilikuja kuwaomba radhi mwaka 2018.

Kusema ukweli si kusimulia ukatili wote. Mtoto mdogo hutosheka na jibu fupi la kweli kwa swali aliloliuliza. Mengine ataelezwa kadiri anavyokua.