Kushuka kwa volti: kwa nini betri ni nzima na trekta haliwaki

Kushuka kwa volti ni zile volti zinazopotea njiani, kati ya betri na kifaa kinachotumia umeme. Kila waya, kila kiungio na kila boliti inayopitisha umeme ina ukinzani wake, na mkondo ukiwa mkubwa volti nyingi huliwa hapo. Hesabu yake ni fupi: ampea (za mkondo) mara omu (za ukinzani).

Kwenye trekta la zamani hesabu hiyo huuma zaidi. Chukua Ford 8N, lililotengenezwa Marekani kati ya 1947 na 1952. Lilitoka kiwandani na betri ya volti 6, na upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi kuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Tuseme stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inavuta ampea 200. Kutu kwenye kibano cha betri ikileta ukinzani wa omu 0.005 tu, volti 1 nzima imepotea, yaani sehemu moja kati ya sita za umeme wote ulionao. Stata huzunguka kwa uvivu, koili inayozalisha umeme wa cheche hupata kinachobaki, na cheche hudhoofika wakati ule ule injini inapoihitaji. Kuna dalili moja ya kukumbuka: injini inajaribu kuwaka pale tu unapoachia kitufe cha stata. Mzigo wa stata umeondoka, volti zimerudi kwenye koili, moto umekuja.

Watu wengi hukimbilia kununua koili mpya. Anza na nyaya, hasa upande wa ethi, kwa sababu umeme unaotoka lazima urudi. Kwenye 8N mkanda wa ethi hufungwa karibu na kishikilio cha betri, mahali palipopakwa rangi na kumwagikiwa na asidi miaka nenda miaka rudi. Kutoka hapo umeme hupita kwenye bati na boliti kadhaa ndipo ufike kwenye stata. Rangi chini ya boliti moja inatosha kuuzuia. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu ili unyevu usiingie. Dawa bora zaidi ni kuvuta kebo ya ethi moja kwa moja hadi kwenye boliti inayoshika stata.

Unene wa kebo nao ni muhimu. Kebo za magari ya volti 12 zinazouzwa madukani mara nyingi zina shaba ya milimita za mraba 20 hivi. Kwa volti 6 tafuta za kati ya 50 na 70. Mita 2 za kebo nyembamba zikipitisha ampea 200 zinakula zaidi ya volti 0.3, hata vibano viwe vipya namna gani.

Kupima kwa mita ya omu au kwa taa ya testa hakutakuonyesha ugonjwa huu. Kebo iliyobakiwa na nyuzi chache za shaba huwasha taa vizuri kabisa, kwa kuwa taa inavuta mkondo mdogo. Pima volti huku mzigo ukiwepo. Weka gia huru, zima swichi ya moto, weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kibano chake, na nyingine iguse boliti ya stata inayopokea kebo. Mwenzako abonyeze kitufe kwa sekunde chache. Mita ikisoma chini ya volti 0.3, upande huo ni mzima. Rudia upande wa ethi: nguzo ya chanya hadi kwenye mwili wa stata, na hapo isizidi 0.2. Alama ya kutoa ikitokea kwenye kioo cha mita isikubabaishe, ncha zimepishana tu. Ukikuta namba kubwa, sogeza ncha kiungio kimoja kimoja. Pale namba inaporuka ndipo penye ubovu.

Pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa inayokata na kuunga umeme wa koili, nazo hula volti. Zikifunga, volti kati ya mkono wa pointi na bodi zinapaswa kuwa karibu na sifuri. Zikizidi 0.2, zimeungua au zina mafuta. Kwenye 8N za hadi 1950 distributa iko mbele ya injini, inashikwa na boliti mbili, kwa hiyo itoe ukaifanyie kazi mezani. Rekebisha mwanya wa pointi hadi milimita 0.38 kwa fila, yaani kibati chembamba cha kupimia mwanya. Kisha vuta kadi safi kavu katikati ya pointi, maana fila nayo huacha mafuta na mafuta huzuia umeme. Wakati wa kuirudisha distributa, ulimi wake wa chini haukukaa katikati kabisa na huingia kwa upande mmoja tu. Usiilazimishe kwa boliti, utavunja mwili wake. Distributa zilizofuata, zinazofungwa ubavuni mwa injini, zina mwanya wa milimita 0.64, usichanganye vipimo.

Wapo wanaohamia volti 12 ili kuukwepa usumbufu huu. Stata huzunguka kwa kasi, ni kweli, lakini ethi mbovu inabaki mbovu, na koili ya volti 6 ya distributa ya mbele haivumilii volti 12 bila rezista ya kuupunguza mkondo. Ukiacha swichi imewashwa, injini imezimika na pointi zimefunga, koili hiyo huchemka hadi kuungua.