Steve Carell na bunduki ya vidole

Jumamosi iliyopita kwa darasa langu la improvu, yaani kuigiza bila skripti, mnabuni papo hapo, ukumbi mdogo tu wa kukodi hapa tao, msichana mmoja alikaa kwa kiti akaanza vizuri sana: "Konda, huyu mbuzi analipiwa ama nimbebe kwa magoti?" Mwenzake ashapewa kila kitu, matatu, mbuzi, nauli, kazi yake ni kupokea tu. Akajibu, "Mbuzi gani? Hapa hakuna mbuzi." Kimya. Watu wakaanza kuangalia viatu. Mbuzi amechinjwa na hata supu hatujaonja.

Hiyo kwetu inaitwa kukataa ofa. Mwenzako akisema kitu stejini, kipo, unakikubali halafu unaongeza chako, ndio ile "ndio, na..." tunayoimba kila wiki. Sasa mtu akiniulia mbuzi huwa namtuma nyumbani akamwone Steve Carell, mchekeshaji wa Marekani, kwa msimu wa 2 wa The Office, ile komedi ya TV ambako anaigiza bosi wa ofisi, Michael Scott, pale Michael anaenda darasa la improvu na kila sini anayoingia lazima achomoe bunduki ya vidole na kupiga kelele, wenzake wanabaki wamekwama, mwalimu amechoka (Ken Jeong yumo humo kama mwanafunzi, kabla dunia haijamjua). Mwishowe mwalimu anamwambia alete bunduki zake zote. Na Michael anazitoa, moja moja, kutoka sehemu za mwili, anamkabidhi hewa.

Tulia hapo kidogo. Michael ni improvaiza mbaya kabisa, lakini Carell hapo amepewa ofa kwamba bunduki zipo, akaikubali, akaongeza zingine. Ndio, na. Mtu asiyesikiliza anaigizwa na mtu anayesikiliza kuliko wote chumbani, na mimi naona hiyo ndio kazi yake yote kwa TV, mengine ni maelezo tu.

Aliitoa wapi? Chicago, Second City, ukumbi wa komedi ya improvu, miaka ya mwanzo ya 90. Pale mnabuni mbele ya watu, kinachochekesha ndio kinaandikwa kuwa skiti, kisichochekesha kinakufa hapo hapo ukikiangalia. Stephen Colbert, mchekeshaji mwenzake, alikuwa andastadi wake, yaani Carell akikosa yeye ndiye anaingia. 1996 wote wawili walikuwa kwa The Dana Carvey Show, shoo ya skiti kwa TV, wakiigiza mawaita wanaochefuliwa na chakula wanachotaja kwa menyu, na hiyo shoo haikumaliza hata mwaka. Kuanzia 1999 akawa ripota wa The Daily Show, shoo ya habari za kuchekesha, na hiyo ndio skuli ngumu zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu unakaa na mtu halisi ambaye hana skripti, uso umekaza kama uko kwa mazishi, na swali lako linalofuata linatoka kwa jibu lake, si kwa karatasi yako.

Wengi hudhani The Office ilibuniwa papo hapo, zii, ilikuwa na waandishi na skripti kabisa. Improvu unaiona kwa uso, wengine wakiongea. Mzee Ojwang wetu wa Vitimbi alikuwa nayo hiyo, anamsikiliza tu Mama Kayai na wewe ushaanguka kwa kochi. Carell alitoka kwa The Office 2011, akateuliwa tuzo ya TV ya Emmy mara 6 kwa Michael Scott na hakushinda hata moja, mimi bado nimekasirika. 2014 akaigiza tajiri muuaji kwa Foxcatcher akateuliwa Oscar, watu wakashangaa ati kumbe anaweza kuwa siriasi, kwani alikuwa anacheza wakati gani?

Basi baada ya breki nikamrudisha yule konda wangu. Nikamwambia, toa mbuzi kwa jaketi. Akaniangalia, akaingiza mkono pole pole, akapapasa.

"Ticha, kumbe ni wawili. Na mmoja ana mimba."