Kompresheni ikisoma chini, injini ya boti imekufa?

Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wengi wanaamini hivi: injini ya boti ikianza kumisi (kuunguruma kwa kukatakata) na geji ya kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikasoma chini ya namba ya kitabu cha injini, basi imekufa, ifunguliwe. Wasiwasi huo unaeleweka, maana ringi za pistoni zikilika kompresheni hushuka kweli.

Lakini geji hudanganya. Betri ikiwa dhaifu, starta huzungusha polepole na namba inashuka. Akseleta ikiwa imefungwa, hewa haiingii ya kutosha. Tena Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Namba kupungua kidogo ni kawaida. Cha kuangalia hasa ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Injini ikiwa na joto, toa plagi zote, nyaya zake uziunge na bodi ya injini, fungua akseleta mpaka mwisho, pima. Silinda moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi yake, rudia kupima. Namba ikipanda, oili imeziba upenyo wa ringi zilizochoka. Silinda zote zikilingana, hamishia plagi silinda nyingine: kumisi kukihama nayo, nunua plagi tu.