Lupasi na bakteria wa utumbo: utafiti ni wa kweli, lakini dawa ulizoandikiwa usiziache

Tangu Siku ya Lupasi Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 10 Mei, kliniki yetu imekuwa ikipokea wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, walioacha dawa walizoandikiwa, wakaanza kutumia unga, vidonge na dawa za maji za kile kinachoitwa kusafisha utumbo. Wengi wao wamesikia kwamba wanasayansi wamegundua uhusiano kati ya bakteria waishio utumboni na lupasi, na katika hilo wamesikia sawasawa. Tatizo limo katika uamuzi wanaoufanya baada ya kusikia, kabla hawajauliza.

Mmoja wao, dada wa umri wa miaka ishirini na kitu, alitoa vitu vitatu mkobani akavipanga mezani: vidonge vya prednisoloni, dawa yake ya kutuliza kinga, ambavyo zaidi ya nusu vilikuwa havijaguswa, karatasi ya antibayotiki ya kotrimoksazoli iliyobakiwa na vidonge vinne, na kopo la unga wa kijani lililoandikwa kwamba huongeza kinga. "Daktari," akasema, "nimesoma kwamba lupasi inaanzia tumboni, kwa hiyo nimeamua kutibu chanzo." Alikuwa amekuja na kandambili kwa sababu viatu havikumwingia tena; ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki. Mkojo wake ulikuwa na povu lisilotulia, na kijiti cha kupimia kilionyesha protini kwa alama tatu. Figo zilikuwa zimeshaingia matatani.

Utafiti aliousoma upo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walieleza jinsi bakteria aitwaye Enterococcus gallinarum alivyopenya ukuta wa utumbo wa panya wenye ugonjwa unaofanana na lupasi, akafika hadi kwenye ini na kuichochea kinga iushambulie mwili wenyewe. Bakteria huyo alionekana pia katika vipande vya ini vya baadhi ya wagonjwa wa lupasi. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walilinganisha vinyesi vya wanawake 61 wenye lupasi na vya wanawake 17 wasio nayo, wakakuta kwamba bakteria Ruminococcus gnavus alikuwa mwingi takriban mara tano kwa wagonjwa, na kwamba antibodi, yaani protini ambazo kinga hutengeneza kumshambulia adui, dhidi yake zilikuwa juu zaidi kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshika figo. Kundi jingine lilionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa kawaida wa mwilini wana protini inayofanana mno na Ro60, ambayo ni protini ya seli zetu wenyewe na ni miongoni mwa shabaha za mwanzo kabisa za kinga iliyopotoka. Kinga inayojifunza kumpiga bakteria huyo yaweza kumpiga na mwenye nyumba, kwa kuwa sura zao zinafanana.

Hata hivyo, ulinganisho wa vinyesi hauwezi peke yake kutuambia kama bakteria hao ndio walioanzisha ugonjwa, au kama ugonjwa pamoja na dawa zake ndivyo vilivyoubadilisha utumbo ukawafaa. Kwa panya, watafiti wa Yale walituliza ugonjwa kwa antibayotiki aina ya vankomaisini na kwa chanjo dhidi ya bakteria huyo mmoja. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, haikuwemo katika jaribio hilo. Zaidi ya hayo, dawa hiyo ni ya jamii ya salfa, na inajulikana kwamba dawa za salfa huweza kuwaletea wagonjwa wa lupasi vipele, homa na hata kuuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia. Yule dada alikuwa amejinunulia, kwa nia njema kabisa, moja ya dawa ambazo sisi humwandikia mgonjwa wa lupasi kwa tahadhari kubwa, na tu pale ambapo hakuna namna nyingine.

Kuhusu kuongeza kinga, tumelieleza jambo hili mara nyingi na inasikitisha kulirudia: lupasi haitokani na upungufu wa kinga. Kinga ya mgonjwa wa lupasi inafanya kazi kupita kiasi na imekosea adui, na dawa tunazotoa huipunguza makali kwa makusudi. Anayekuuzia kitu cha kuipandisha anakuuzia kinyume cha matibabu yako. Kopo lile, tulipolisoma vizuri, lilikuwa na alfaalfa, yaani lusini, mmea uleule unaolimwa kwa ajili ya kulisha ng'ombe. Mbegu na machipukizi yake yana kemikali iitwayo kanavanini, na tangu mwaka 1982 imeandikwa kwamba nyani waliolishwa machipukizi hayo walipata ugonjwa unaofanana na lupasi. Mgonjwa wa lupasi asiile alfaalfa kwa namna yoyote.

Bakteria wanaoitwa rafiki nao wanahitaji uangalifu kuliko matangazo yanavyosema. Katika aina moja ya panya wa maabara, bakteria jamii ya Lactobacillus walizipa figo nafuu. Katika aina nyingine, Lactobacillus reuteri, ambaye huuzwa kama kirutubisho, aliuzidisha ugonjwa. Katika jaribio hilo la pili kilichosaidia kilikuwa chakula: wanga usiomeng'enywa upesi, wa aina iliyomo katika ndizi mbichi, maharage na viazi vilivyopikwa vikaachwa vipoe, ulimdhibiti bakteria huyo na ugonjwa ukapungua. Hao ni panya, na hatuandiki cheti kwa matokeo ya panya. Vyakula hivyo ni vyetu vya kila siku na kwa wengi havina ubaya, isipokuwa mgonjwa ambaye figo zake zimeathirika aulize kwanza, kwa sababu ndizi na maharage vina potasiamu nyingi. Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa unafaa. Maziwa mabichi hayafai.

Prednisoloni haiachwi ghafla. Ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yake ya asili, na ukiikata siku moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kuzimia. Haidroksiklorokwini nayo huachwa na watu kwa hoja kwamba ni dawa ya malaria. Ni ndugu wa klorokwini tuliyoiacha kwa malaria hapa Tanzania mwaka 2001, ndiyo, lakini kwa lupasi hupunguza milipuko ya ugonjwa na huzilinda figo. Inachohitaji ni kipimo kinacholingana na uzito wako na uchunguzi wa macho mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, au mapema zaidi kama figo zina hitilafu.

Sasa utaratibu, ambao tunaomba ufuatwe bila kurukwa hatua. Ukija kliniki, njoo na kila unachokimeza, za hospitali, za dukani na za asili, zikiwa katika vifungashio vyake. Antibayotiki ni dawa za cheti. Hata zile chache ambazo Duka la Dawa Muhimu limeruhusiwa kuuza hazitolewi kwa kuombwa dirishani, na muuzaji anayekiuka Sheria ya Famasi anaweza kuadhibiwa kisheria na duka lake kufungiwa. Dawa ya asili nayo inapaswa kuwa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukipata madhara, usitupe kopo wala boksi, kwa maana fomu ya kuripoti madhara ya dawa, inayofika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inauliza jina la bidhaa, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, siku uliyoanza, siku uliyoacha na kilichokupata. Mfamasia wa kituo chochote cha afya atakusaidia kuijaza, na kuripoti hakumtii mgonjwa hatiani hata kama alinunua bila cheti.

Fomu ya yule dada tuliijaza pamoja siku hiyohiyo, kabla hajapelekwa wodini. Sehemu ya namba ya toleo ilibaki wazi. Tuligeuza kopo pande zote, chini na ndani ya mfuniko, na haikuwa imeandikwa popote.