Mashine haitoi mizizi yote

Video ni ileile, na kila mara inarudi kwenye makundi ya WhatsApp: mabeleshi ya chuma yanazama ardhini kuzunguka mti, yananyanyuka, mti unaondoka wima nyuma ya lori. Chini yake maneno: "Wenzetu hawakati miti, wanaing'oa na mizizi yote." Kazi yangu hapa Ohio, Marekani, ni kuendesha mashine hiyo. Jamani, mizizi yote haitoki. Hata nusu haitoki.

Mabeleshi yale hayang'oi, yanakata. Bonge la udongo na mizizi likishapanda juu, lisogelee uone: ubavuni kumejaa vichwa vya mizizi vilivyokatwa sasa hivi, vyeupe, vibichi, na shimoni upande wa pili vimebaki vipande vyake.

Kinachowapotosha watu ni mchoro wa shuleni, mti wenye mzizi mkuu ulioshuka wima kama karoti. Mti mkubwa hauko hivyo. Sehemu kubwa ya mizizi yake imo kwenye sentimita 60 za juu, nayo inatambaa kwenda nje, mbali kupita ncha za matawi. Bonge letu limechongoka chini na limebana karibu na shina. Ile mizizi myembamba inayonyonya maji iko huko nje, chini ya nyasi za jirani, na ndiyo tunayoiacha. Tunachobeba kinaweza kuwa chini ya sehemu moja ya kumi.

Kanuni ya kazi ni upana wa bonge inchi 10 hadi 12 kwa kila inchi ya unene wa shina, na shina la mti mkubwa hupimwa sentimita 30 juu ya ardhi. Kwa hiyo mashine ya inchi 90, ambayo ni kubwa kwelikweli, inafaa mti wa inchi 9 tu. Naifuata kanuni hiyo, lakini siamini kwamba inatokana na mahitaji ya mti peke yake. Ni mapatano kati ya mti na uzito ambao lori linauweza.

Sasa utaambiwa habari za mugumo, yaani mkuyu mkubwa, wa Waiyaki Way, Nairobi, ulionusurika kukatwa mwaka 2020 wakati barabara ya juu inajengwa. "Si wangeleta tu mashine?" Shina lile haliingii kwenye fremu ya mashine yoyote niliyoifahamu. Kuuacha palepale ndiyo ilikuwa njia ya kuuokoa.

Mwingine atakutajia mbuyu wa Australia uliosafirishwa mwaka 2008 kwa lori kilomita 3,200 hadi Kings Park, Perth, ukiwa na tani 36. Ni kweli. Ila mbuyu una shina laini linalotunza maji, unaweza kuishi kwa akiba muda mrefu. Mwaloni hauna akiba ya namna hiyo.

Akiba kidogo uliyonayo mwaloni ndiyo inayomdanganya mwenye nyumba. Tunauhamisha mwanzoni mwa Aprili ungali umelala, Mei unachanua majani kwa chakula cha mwaka uliopita, naye anasema umeshika, anafunga bomba. Agosti majani yanaungua kingo. Maji lazima yaende kwenye bonge lenyewe, maana ndiko mizizi iliko. Udongo wa nje unaweza kuwa na unyevu huku bonge limekauka. Na si kwa msimu mmoja. Kwenye baridi ya huku, hesabu kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya shina.

Jambo jingine linaloniudhi ni kuta za shimo. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, na beleshi likipita linaupiga lipu hadi unang'aa. Mzizi mpya ukifika hapo unagota na kugeuka. Zikwaruzeni kwa uma kabla ya kushusha bonge, kisha jazeni pengo kwa udongo uliokorogwa na maji. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu dereva ana haraka, halafu mti ukifa wanalaumu ugonjwa.

Mengine kwa haraka: kabla ya kuchimba piga 811, namba ya huku Marekani ya kuuliza mabomba na nyaya zilizofukiwa. Usipogoe matawi eti "kusawazisha" na mizizi. Majani ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Weka matandazo, yasiguse shina. Kuhusu kukata mizizi mwaka mmoja kabla ili iote mipya ndani ya bonge, kwenye kitalu naona faida, lakini kwa mti uliojiotea shambani sijashawishika kwamba inalipa gharama.

Mwenye subira namshauri anunue mche wenye shina la inchi 2. Unashika upesi, na baada ya miaka kadhaa huwa unaukaribia ule mkubwa uliokuwa bado unauguza majeraha. Akishikilia mti wa inchi 9, kabla ya bei namuuliza nani atakayemwagilia Julai na Agosti, mwaka huu na ijayo. Kama hana mtu, sipeleki mashine.