Je, wajua kwa nini baruti iliyoadimika haina mbadala wa moja kwa moja?

Mwindaji wa Kimarekani anayekuja kusaka nyati Moyowosi, mkoani Kigoma, huenda akafika na risasi alizojaza mwenyewe nyumbani kwake. Hakuzinunua zikiwa kamili. Alichukua maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, akayapachika fataki mpya, kile kidude cha kitako kinachowasha baruti, akapima baruti kwenye mizani ndogo, akamimina, kisha akakandamiza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Kwao ni kazi halali, na wapo wanaoipenda kuliko uwindaji wenyewe. Kilio chao cha miaka ya karibuni ni kwamba baruti waliyoizoea haipatikani dukani. Kijana wa Kibondo au wa Sikonge aliyekulia jirani na gobore akisikia kilio hicho atauliza swali la haki kabisa: si uchukue baruti nyingine? Zote si baruti?

Hapana. Tena sababu yake si ile inayowajia wengi kwanza.

Wengi hudhani baruti hupishana kwa ukali: hii kali, ile hafifu, basi ukikosa kali unaongeza kidogo ile hafifu na mambo yanakwenda. Lakini ukilinganisha gramu moja ya baruti hii ya kisasa na gramu moja ya ile, joto linalotoka halipishani sana. Kinachopishana ni muda. Mtu wa Tabora hahitaji maabara kulielewa hilo. Kilo ya nyasi kavu na kilo ya gogo la mninga zina joto linalokaribiana, ila nyasi zimekwisha kabla sufuria haijashika moto, na gogo litakesha.

Sasa, muda tunaouzungumzia hapa ni mdogo mno. Tangu baruti iwake mpaka kichwa cha risasi kitoke kwenye mdomo wa mtutu wa raifoli, hupita kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, au moja na nusu. Ndani ya muda huo gesi inajaa nyuma ya risasi na mgandamizo unapanda. Risasi inapoanza kwenda mbele, nafasi iliyo nyuma yake inapanuka na mgandamizo unataka kushuka. Baruti inayofaa ni ile inayoendelea kutoa gesi kwa mwendo unaolingana na nafasi hiyo inayokua. Ikiungua haraka mno, gesi yote inazaliwa risasi ikiwa bado haijasogea, na chuma ndicho kinacholipa. Ikiungua taratibu mno, risasi inatoka kabla baruti haijamaliza kuungua, nyingine inamwagika nje mbichi, na risasi haziendi kwa mwendo mmoja.

Chukua risasi ya .375 Holland & Holland, iliyoingia sokoni mwaka 1912 na ambayo mpaka leo wawindaji wa nyati Afrika hawaiachi. Kikomo chake cha mgandamizo kwa viwango vya Ulaya ni bar 4,300, yaani zaidi ya mara 4,000 ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Bunduki hutengenezwa ili imudu zaidi ya kikomo hicho, lakini uso wa mpiga risasi uko sentimita chache tu nyuma ya moto huo. Na kuna jambo linalozidisha hatari: baruti ya kisasa huungua kwa kasi zaidi kadiri mgandamizo unavyopanda. Ziada ndogo huzaa mgandamizo, mgandamizo huharakisha moto, na moto huzaa mgandamizo mwingine. Ndiyo maana ukiongeza kidogo, matokeo hayaongezeki kidogo.

Watengenezaji huupanga muda huo kwa namna ambayo mimi naiona kuwa werevu wa hali ya juu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inafanywa na umbo la punje. Moto hula punje kutoka nje kwenda ndani. Punje iliyo kijiti kisicho na tundu hupungua uso kadiri inavyoungua, kwa hiyo gesi inayotoka nayo hupungua. Kijiti kilichotobolewa katikati hupungua kwa nje huku tundu likipanuka kwa ndani, na uso unaoungua unabaki karibu vilevile mpaka mwisho. Kijiti chenye matundu saba, cha mizinga mikubwa, huongeza uso kadiri kinavyoliwa. Juu ya umbo huja dawa inayopakwa kwenye punje ili mwanzo wa moto uwe wa pole, na mwisho unga wa grafaiti ili punje zisigandane wala zisijikusanyie umeme. Baruti mbili zinaweza kuwa na asili ileile kabisa na bado zikatenda kazi kwa namna mbili tofauti.

Hata majina hayasaidii. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mmarekani aitwaye Bruce Hodgdon, wa Kansas, alinunua kwa bei ya chini shehena za baruti ya jeshi iliyobaki na kuwauzia wanaojaza risasi. Moja ilikuwa ya mizinga ya ndege ya milimita 20, yenye namba 4831. Ikapendwa sana kwenye raifoli. Baadaye kampuni ya DuPont nayo ikatoa baruti yake ikaiita IMR 4831. Namba ileile, lakini hiyo huungua kwa kasi kuliko H4831 ya Hodgdon. Anayechukua vipimo vya H akamimina IMR kwa sababu namba zinafanana anajitafutia balaa.

Zipo orodha zinazopanga baruti kutoka ile ya haraka hadi ya taratibu, na anayekosa yake huangalia jirani yake kwenye orodha. Ni mahali pazuri pa kuanzia kufikiri, si pa kumalizia. Orodha inasema nani amemtangulia nani, haisemi kwa umbali gani, na mpangilio wenyewe hubadilika ukibadilisha ganda au uzito wa risasi. Anayejua kazi yake hutafuta jedwali la mtengenezaji lenye baruti hiyohiyo, ganda hilohilo na uzito huohuo wa risasi, kisha huanza na kipimo cha chini kabisa kana kwamba hajawahi kujaza hata risasi moja. Jedwali lisipokuwepo, baruti hiyo inarudi kabatini.

Wakubwa nao wamewahi kulikosea jambo hili, tena wakiwa na maabara na wahandisi. Raifoli ya M16 ya Marekani ilibuniwa na kujaribiwa kwa baruti ya vijiti ya DuPont, IMR 4475. Baruti hiyo iliposhindwa kutimiza masharti ya uzalishaji mkubwa, jeshi likahamia baruti ya punje za mviringo, WC 846, ya kampuni ya Olin. Kwa vipimo vilivyotazamwa zaidi, mbadala ulifaa: kasi ya risasi ilifikiwa, na mgandamizo wa juu kabisa haukuvuka kikomo. Tatizo lilikuwa katikati ya safari. Bunduki ile hutumia gesi inayochotwa kwenye tundu lililo mbele mtutuni ili kurudisha mtambo nyuma na kupakia risasi inayofuata. Baruti mpya ilifika kwenye tundu lile ikiwa bado na mgandamizo mkubwa kuliko ile ya zamani. Mtambo ukaanza kukimbia kuliko ulivyopangiwa, maganda yakavutwa kabla hayajalegea, na masizi yakaongezeka. Ongeza chemba, yaani mahali ganda linapokaa ndani ya mtutu, ambazo hazikuwa zimepakwa kromiamu na askari ambao hawakupewa vifaa vya kutosha vya kusafishia, unapata bunduki zilizokwama mikononi mwa watu kwenye misitu ya Vietnam. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ililishutumu jeshi kwa namna lilivyobadili baruti.

Waingereza walikuwa wameonja mapema. Raifoli yao ya Lee-Metford ya mwaka 1888 ilianza na baruti nyeusi, ile ya kale yenye moshi mwingi, na mifuo ya mtutu wake, yaani mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, ilikuwa ya kina kifupi ili masizi yasijikite. Ilipoletwa kodaiti, baruti isiyo na moshi yenye joto kali, mifuo hiyo ikaliwa upesi. Mwaka 1895 ikabidi mtutu ubadilishwe, na ndipo ikazaliwa Lee-Enfield.

Hapa kwetu kisa cha baruti mbili kilionekana kwa macho. Mfaransa Paul Vieille alikuwa amebuni baruti isiyo na moshi mwaka 1884, lakini vita vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Kijerumani bado zilibeba raifoli za Mauser ya mwaka 1871 yenye baruti nyeusi. Kila mlio ulipandisha wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kupiga. 

Zamani zaidi, enzi za Mtemi Mirambo wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, baruti ilipanda na misafara kutoka pwani kwa ajili ya gumegume na bunduki nyingine za kushindilia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipobana biashara ya silaha, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ulikaza zaidi kwa bunduki za kisasa na risasi zake, ukaacha upenyo kwa gumegume na baruti yake ya kawaida. Dola za Ulaya zilijua vizuri tofauti iliyopo kati ya baruti hizo mbili.

Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, ina uvumilivu fulani. Kasi yake haipandi sana mgandamizo unapopanda, kwa hiyo mababu walipima kwa kibuyu au kwa kiganja na bunduki ikastahimili. Kutoka hapo ndipo linapozaliwa wazo la hatari kuliko yote: kutoa baruti ya risasi ya kisasa na kuishindilia kwenye gobore. Kipimo kilekile cha kiganja sasa kina kitu kinachojiharakisha chenyewe, ndani ya bomba ambalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Gobore hupasuka karibu na jicho na mkono wa kushoto. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa silaha na kwa risasi zake. Hata isingekuwepo, fizikia isingekuwa na huruma.

Joto nalo lina kauli. Kodaiti iliyojaribiwa kwenye baridi ya Uingereza ilipandisha mgandamizo ilipofika kwenye jua la India na Afrika, na maganda yakagoma kutoka baada ya kupigwa. Mafundi wa London wakaanza kutengeneza maganda makubwa yenye mgandamizo mdogo, kama .416 Rigby ya mwaka 1911, ili kuacha nafasi kwa ajili ya jua. Risasi iliyojaribiwa Januari kwenye theluji, ikapigwa Oktoba Tabora kabla mvua hazijaanza, si risasi ileile. Zipo baruti zilizotengenezwa zisiyumbe sana kwa joto, nyingine za Hodgdon zikitoka kiwandani Australia, na hizo ndizo zinazogombaniwa na kuisha kwanza madukani.

Kwa nini ziishe? Jibu linapita shambani. Kiini cha baruti ya kisasa ni nitroselulosi, iliyotangazwa na Christian Schönbein wa Basel mwaka 1846, na malighafi yake ya miaka yote ni pamba. Si zile nyuzi ndefu ambazo wakulima wa Igunga na Nzega hupeleka kwenye vituo vya ununuzi ili zikasokotwe. Ni manyoya mafupi yanayobaki yameng'ang'ania mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Viwanda vya Ulaya vimekuwa vikiyanunua kwa wingi kutoka China. Tangu vita vya Ukraine vipambe moto mwaka 2022, majeshi yanahitaji nitroselulosi kuliko yalivyozoea, kwa sababu baruti ya kurusha kombora moja la mzinga wa milimita 155 umbali mrefu inaweza kufika kilo 10. Raifoli ya kawaida ya kuwindia hutumia kama gramu 4 kwa risasi. Baruti ya kombora moja ingetosha risasi 2,500, na kiwanda chenye oda ya jeshi mezani hakisumbuki sana na kopo la mwindaji.